Re: W Series 2019: Chadwick alibebwa na gari?

Hapana, ndugu, Jamie Chadwick, bingwa wa W Series (mashindano ya magari ya wanawake pekee) mwaka 2019, hakubebwa na gari. Msimu ule wa kwanza madereva wote walitumia gari moja, Tatuus T-318 yenye injini ya turbo ya Alfa Romeo ya lita 1.8, nguvu ya farasi takriban 270, na matairi ya Hankook. Tena magari na mainjinia vilibadilishwa kati ya madereva raundi hadi raundi, na hakuna aliyelipia kiti chake. Kwangu hapo ndipo uzito wa taji lile ulipo.

Mbio zilikuwa sita, kila moja dakika 30 na mzunguko mmoja. Jamie Chadwick alishinda Hockenheim na Misano, sawa na ushindi mmoja tu zaidi ya Beitske Visser, aliyeshinda Zolder. Kilichomwokoa Chadwick ni kutoporomoka: pointi 25, 18, 25, 15, 15, halafu 12. Alifika Brands Hatch, mbio ya mwisho, akiongoza kwa pointi 13 mbele ya Visser, kwa hiyo nafasi ya nne ilimtosha. Alice Powell alishinda siku hiyo, Visser akawa wa tatu. Jumla ya pointi 110 za Chadwick kwa 100 za Visser. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 500,000.