Jumanne hawaendi baharini: maswali yenu kuhusu Elmina

Wapendwa, toleo lililopita niligusia mistari mitatu tu kwamba nimerudi kutoka Elmina, Ghana, na nyie hamkuniacha nipumue, maswali yamekuja mpaka nimekosa pa kuyaweka. Nimechagua machache. Kwa ambao hawakusoma: Elmina ni mji wa wavuvi, ndo makao makuu ya wilaya yenye jina refu kama treni, Komenda-Edina-Eguafo-Abirem, wenyewe wameshachoka wanasema KEEA tu, iko mkoa wa Central, na wenyeji mji wao wanauita Edina. Elmina ni jina la wageni, Mreno alikuja akakuta dhahabu akapaita mgodi, na jina likaganda.

*Shikamoo Anti. Mie mvuvi wa Kigombe, Tanga. Nimesikia huko kuna siku hawavui kabisa hata bahari ikiwa shwari na samaki wapo. Kweli hiyo au ni stori za kijiweni?*

Marahaba mwanangu. Ni kweli tupu, na siku yenyewe ni Jumanne. Mie nilifika Jumanne bila kujua, nikashuka pale darajani, chini ya daraja kuna hori linaitwa Benya linaingia baharini, mitumbwi imepangana mpaka huoni maji, mitumbwi mikubwa ya gogo moja imechorwa rangi zote na maneno ya Biblia na bendera juu, na hakuna hata mmoja unaotoka. Nikadhani kuna msiba. Watu wamekaa wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti. Namuuliza mzee mmoja, ananiangalia kama mtoto asiyejua siku za wiki, leo si Jumanne? Jumanne ni ya bahari yenyewe, inapumzika, binadamu akae nchi kavu. Anayekaidi anajibu kwa mkuu wa wavuvi, kule anaitwa apofohene, na faini inamhusu. Hata usipoamini miungu ya bahari we fikiria tu, nyavu zinapata siku ya kushonwa, watu wanapata siku ya kusuluhisha ugomvi wa majini, na samaki nao wanapumua. Sie huku tunaandikiwa sheria na wizara tunazikwepa usiku, wao hawahitaji hata boti ya doria.

Halafu kuna kubwa lao, Bakatue, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba kila mwaka. Maana yake kufungua hori. Wiki kadhaa kabla, hori la Benya linafungwa, hakuna kutupa wavu humo. Siku yenyewe chifu mkuu, omanhen, anabebwa juu kwenye machela, machifu wadogo nao na miavuli yao mikubwa inayorukarushwa kwa ngoma, wanashuka mpaka majini. Hapo wanampa chakula Nana Benya, mwenye hori: mayai, na eto, ambayo ni kiazi kikuu kilichopondwa na mawese. Kisha wavu unatupwa mara tatu watu wote macho hapo, ukitoka na samaki ni makelele na bunduki, msimu utakuwa mzuri. Baada ya hapo mashindano ya mitumbwi. Na msimu wenyewe kweli unaanzia hapo, kuanzia mwezi wa saba maji ya baridi yanapanda kutoka chini ya bahari na dagaa wakubwa wale wa familia ya saradini wanakuja na maji hayo. Kwa hiyo wazee waliopanga tarehe walikuwa wanajua wanachofanya.

Umeuliza wanavua tu, hukuuliza nani anauza. Samaki akifika ufukweni si wa mvuvi tena, ni wa wanawake. Kiongozi wao anaitwa konkohemaa, bei inapita mkononi mwake, na mama wengi ndo wamemkopesha mwenye mtumbwi hela ya mafuta na nyavu. Ukienda ukabishane bei na mvuvi unapoteza muda wako.

*Habari Anti, mie niko Mombasa, nimezaliwa nyuma ya Fort Jesus. Sasa nipande ndege niende kuona ngome nyingine ya Mreno kwa nini?*

Swali la kiburi hilo, nimelipenda. Fort Jesus yenu imeanza 1593. Ya Elmina ni ya 1482, miaka mia na kumi na moja kabla, hata Vasco da Gama alikuwa bado hajaufikia mwambao wetu. Mreno Diogo de Azambuja alikuja na meli zimebeba mawe yaliyokwisha kuchongwa Ureno na mbao zimekatwa tayari, kama mtu anayekuja kufunga kabati. Chifu aliyempokea, Wareno wenyewe wameandika jina lake Caramansa, alimkatalia kwa adabu, kwamba marafiki wanaoonana mara mojamoja wanabaki marafiki kuliko wanaokaa mlango kwa mlango. Sie tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni jembe hakushika, alijenga.

Mwanzo ilikuwa dhahabu. Na hili wengi hawalijui, Mreno mwanzoni alikuwa anawaleta watumwa Elmina kutoka upande wa Benin, anawauza kwa wafanyabiashara wa dhahabu. Baadaye mkondo ukageuka na watu ndo wakawa bidhaa ya kwenda ng'ambo. Mholanzi akaiteka ngome 1637, alipandisha mizinga kwenye kilima cha jirani yake akaipiga kutoka juu, na akishaichukua akajenga ngome ndogo kilimani palepale ili mwingine asimfanyie alichofanya yeye. Ipo mpaka leo, panda huko jioni, mji wote unauona.

Ndani sitakusimulia sana, maana mie nilitoka nikakaa kwenye ngazi nusu saa. Ila vitu viwili. Kuna ua wa vyumba vya wanawake na juu yake kuna roshani ya gavana, anasimama pale anachagua. Na juu kuna kanisa la Waholanzi, mlangoni maneno ya Zaburi ya 132 yanayosema hapa ndipo Bwana anapopumzika, halafu chini ya miguu ya hao waumini kuna watu wamelundikana gizani kwenye uchafu wao. Wanaimba juu, wanalia chini, nyumba moja. Sikuweza kuuliza swali, mie ninayelipwa kuuliza maswali.

Biashara hiyo Waholanzi waliipiga marufuku 1814, na 1872 wakamwachia Mwingereza ngome bila kuwauliza wenye mji. Mfalme wa Edina, Kobina Gyan, akagoma. Wakampeleka uhamishoni Sierra Leone, na tarehe 13 Juni 1873 wakaupiga mji kwa mizinga. Mji wa zamani ulikuwa chini ya ngome palepale, ndo maana leo ukitoka ngomeni unakuta uwanja mtupu, hakuna nyumba, unadhani ni mahali pa kupaki magari. Sasa sikia wewe wa pwani: tarehe 5 Juni mwaka huohuo, siku nane tu kabla, Mwingereza huyohuyo alikuwa Unguja anamsainisha Sultan Barghash mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mkono mmoja unafunga soko huku, mwingine unachoma mji kule. Hilo darasani sikufundishwa.

Na bado kuna chumba alimofungiwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Ashanti, ufalme wa bara hukohuko Ghana, 1896, kabla hawajamhamishia Sierra Leone halafu Shelisheli mwaka 1900. Shelisheli hii ya bahari yetu! Alirudishwa kwao 1924. Yaa Asantewaa, yule malkia mama wa Ashanti aliyeongoza vita dhidi ya Mwingereza, hakurudi, alifia hukohuko Shelisheli 1921. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mombasa, ngome yako naiheshimu, ila nenda.

*Anti mambo? Mume wangu anaitwa Jumanne. Akifika huko ataonekana wa ajabu?*

Wa ajabu? Ataitwa Kobina na kupewa kiti! Kwa Wafante, ndo kabila la watu wa Elmina, kila mtoto ana jina la siku aliyozaliwa, wa kiume wa Jumanne ni Kobina, kwa Waashanti ni Kwabena, wa kike ni Araba au Abena. Huyo mfalme Kobina Gyan niliyemtaja hapo juu, basi Jumanne mwenzake. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, ndo Kofi, na pacha wake wa kike alikuwa Efua, Ijumaa ya kike. Si kama Juma na Mwanajuma tu? Tofauti ni kwamba sie ni hiari, unaweza ukazaliwa Jumanne ukaitwa Godfrey, kule hata Godfrey ana jina la siku nyumbani kwao. Mie nilibidi nihesabu kwenye kalenda ya simu nimezaliwa siku gani, aibu, mama yangu hajawahi kuniambia. Kumbe ni Jumapili, Esi.

*Niliona picha ya jengo Elmina katikati ya mtaa, lina sanamu za mabaharia na meli na jingine lina Adamu na Hawa. Ni makanisa? Msomaji, Morogoro.*

Siyo makanisa ingawa na mie nilitaka kuvua viatu. Yanaitwa posuban, ni ya asafo. Asafo ni vikosi, zamani vya vita, kila mji wa Wafante una vyake vina namba na rangi na bendera, siku hizi kazi yao ni kuokoa watu baharini, mazishi, usafi, na kumkoromea chifu akizidi. Sanamu ni majigambo, kikosi kinawaambia wenzao sie tuna meli nyie mna nini. Zamani walipigana kweli mitaani kwa ajili ya bendera tu kumdhihaki mwingine.

Na kwa vile unaandika kutoka Morogoro, kwa Waluguru, hili utalielewa haraka kuliko wengine: Wafante ukoo wao ni wa mama, mali inapita kwa mama, mjomba ndo mtu. Lakini asafo unaingia kwa baba. Yaani mtoto ana nyumba kwa mama na kikosi kwa baba, na vita ikitokea kati ya mitaa miwili unaweza kumkuta mjomba wako upande wa pili. Nilimuuliza kijana mmoja inakuwaje, akasema unalenga pembeni.

*Java original nauza hapa Kariakoo, nasikia ilianzia huko? Mama Vitenge.*

Si huko hasa dada, ila Elmina wamo kwenye hadithi. Kuanzia 1831 mpaka 1872 Waholanzi waliandikisha pale askari kama elfu tatu kwenda kuwapigania makoloni yao ya Indonesia. Waliorudi walipewa viwanja kwenye kilima nyuma ya ngome, mpaka leo kinaitwa Java Hill, kwa jina la kisiwa cha hukohuko Indonesia. Wenyeji wanasema wazee hao ndo walioleta batiki masandukuni, watu wakazipenda, baadaye viwanda vya Uholanzi vikaiga kwa mashine na kuwauzia Waafrika. Sandukuni ilikuwa na nini sikuwepo, ila jina la kilima lipo na jina la kitambaa lipo dukani kwako.

*Niaje Anti. Niko campus Nairobi, doo ni kidogo. Ntafika aje na ntakula nini?*

Poa mwanangu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, hiyo haina mjadala, na habari za viza uliza ubalozi kabla hujalipa tiketi. Ukifika Accra nenda stendi ya Kaneshie, panda trotro ya Cape Coast, ni matatu tu bila muziki mwingi, makanga anaitwa mate, halafu Cape Coast unachukua teksi ya kushea mpaka Elmina, kama kilomita kumi na tatu. Kiingilio cha ngome mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, ukiwa na kitambulisho cha mwanafunzi kitoe hata kabla hujaulizwa.

Chakula usihangaike. Kenkey ya Wafante ni unga wa mahindi uliochachushwa ukafungwa kwenye majani ya mgomba ukachemshwa, mchachu, siku ya kwanza utakunja uso, ya tatu utaitafuta. Inaliwa na samaki wa kukaanga na shito, pilipili nyeusi ya dagaa na kamba, nilibeba chupa mbili moja ikapasukia kwenye begi, mpaka leo sweta linanukia Ghana. Kula kwa mkono wa kulia, na usimpe mtu kitu kwa kushoto, hata hela, hata kumwonyesha njia.

Nje ya ngome vijana watakuita brother, watakuuliza jina lako na unatoka wapi, ukijibu tu baada ya saa moja unakuta wameliandika kwenye kombe la baharini wanakuambia ni zawadi, halafu zawadi ina bei. Mie nililipa. Lipo mezani hapa limeandikwa jina langu kwa makosa.

Kama una siku ya ziada, msitu wa Kakum uko kama kilomita thelathini kaskazini ya Cape Coast, wilaya nyingine hiyo, madaraja saba ya kamba na mbao juu ya miti, mita 350 kwa jumla, mahali pengine mita arobaini kutoka chini. Nenda asubuhi saa wanapofungua, baadaye wanakuja wanafunzi wengi na daraja linacheza.

Na mwisho, magari Ghana yanapita kulia, si kama kwetu. Ukitaka kuvuka barabara angalia kushoto kwanza. Mie nilivutwa shati mara mbili na watu nisiowajua.