Gari la Mkononi: Lipandishe Mlima Kabla ya Kutoa Hela

Gari likizoea tambarare za Dar es Salaam linaweza kuficha ugonjwa hata miaka miwili. Likiletwa Mbeya, wiki ya kwanza tu linasema ukweli. Kwa hiyo Toyota IST, Vitz, Passo au Spacio ya mkononi usiinunue kwa kuizungusha Mwanjelwa na kurudi. Ipeleke barabara ya Chunya, mlima wa Kawetere. Aliye Iringa aipandishe kutoka Ipogolo hadi mjini, mara mbili mfululizo, AC ikiwa imewashwa.

Nenda asubuhi na mapema, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ukikuta la moto, uliza kwa nini. Gari lililopashwa moto halionyeshi moshi wa asubuhi, wala kuwaka kwa shida, wala ule mlio wa cheni iliyolegea.

Anza na rejeta, maana huku ndiko injini nyingi zinakofia. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Kinachozuia yasichemke ni presha, na presha inashikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kimeandikwa namba ya presha, mara nyingi 0.9 au 1.1. Raba yake ikiwa imekauka au kupasuka, gari litachemsha mlimani hata kama maji yamejaa. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini hedi (kichwa cha injini) ikishapinda utaiskimu, yaani kuisawazisha kwa mashine, na kununua gasketi mpya, na hapo hela si ndogo tena.

Sasa fungua kifuniko injini ikiwa ya baridi kabisa. Maji ya rangi ya kutu maana yake watu wamekuwa wakijaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na njia za ndani zimeanza kuziba. Washa gari kifuniko kikiwa wazi. Povu linalotoka mfululizo bila kukoma ni dalili ya gasketi ya hedi kuvuja. Kifunge, kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Kama thermostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) ipo, mpira unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla. Ukipashika kidogo kidogo tangu mwanzo, thermostati imetolewa au imekwama wazi. Mafundi wengi huitoa ili kunyamazisha gari linalochemsha. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai injini isiyo na thermostati haifikii joto lake, inakula mafuta, na ule ugonjwa uliosababisha itolewe bado umo. Subiri pia feni iwake na kuzima yenyewe, mara mbili.

Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka, umeshachelewa. Geuza ufunguo bila kuwasha injini uone taa zote, hasa ya cheki injini: lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa.

Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili usikutie hofu peke yake. Kwa safari fupi na baridi ya huku ni unyevu tu. Ukiuona kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ondoka.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Spacio na magari mengine yenye injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo ya 2000 yanajulikana kwa hilo, kwa sababu ya ringi za pistoni. Washa, tembea, teremka mlima bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga kwa nguvu huku mtu akiangalia ekzozi. IST zenye injini ya 1NZ-FE au 2NZ-FE kwa upande huu zina nafuu kubwa.

Giaboksi inahukumiwa mlimani. Ukiwa umesimama na umekanyaga breki, weka R, kisha D. Iingie ndani ya kama sekunde moja bila kugonga. Ukipanda, rpm (mizunguko ya injini) zikiruka na gari halisogei, giaboksi inateleza. Vitz za 1.3 za kuanzia 2005 nyingi zina CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua), na hizo ndizo za kuogopa zaidi: zikitikisika wakati wa kuondoka, achana nazo. Uliza pia zilijazwa oili gani. ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya kawaida ndani ya CVT inaiua. IST yenye gia nne hutumia ATF aina ya T-IV.

Kuteremka nako kuna habari zake. Weka 2 au L, kama ungeteremka mlima wa Kitonga, kisha bonyeza breki mara kadhaa. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda kwa joto. Pedali ikizama taratibu chini ya mguu, hilo ni tatizo la masta silinda (pampu ya breki) au mafuta ya breki ya zamani.

Kwenye uwanja, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole: tak-tak-tak ni sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha tairi la mbele. Magari ya kwenda Makete au Mbarali kwa vumbi yanaharibu raba zake kwanza, kisha grisi inatoka. Tairi nazo soma namba nne za mwisho za DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukilinunua, usisubiri kilomita hata moja ya safari ndefu: lita 3.7 za oili pamoja na filta kwa 1NZ-FE, kulanti mpya, kifuniko kipya cha rejeta, na thermostati kama haikuwepo.