Keenja hakuwa meya wa Dar es Salaam
Ndugu, umemsifu Charles Keenja ukisema alikuwa meya wa Dar. Hapana, hakuwahi kuwa meya. Alikuwa Mwenyekiti wa Tume ya Jiji. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la madiwani, ikaweka Tume iliyoteuliwa na kumpa yeye uongozi. Meya huchaguliwa na madiwani, na kipindi hicho madiwani hawakuwepo. Tume ilimaliza kazi mwaka 2000, jiji likarudi kwa madiwani na kugawanywa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Meya wa jiji aliyefuata ni Kleist Sykes, huenda ndiye unayemchanganya naye.

Nilikuwa naishi Magomeni miaka hiyo, na mabadiliko niliyaona kwa macho: mashimo ya barabarani yakizibwa, taka zikizolewa, vibanda vikibomolewa. Hilo la vibanda liliwaumiza wengi waliokuwa wakijitafutia riziki, na sioni haki kulisahau tunapomsifu.

Kwenye taka pia tusimpe sifa zote. Kazi ya kuzoa taka katikati ya jiji ilishapewa kampuni binafsi mwaka 1994, kabla ya Tume. Tume iliupanua utaratibu huo hadi kata nyingine, ikiwemo kuvipa kazi vikundi vya wananchi.

Ubunge wa Ubungo na Uwaziri wa Kilimo alivipata baada ya uchaguzi wa 2000, si wakati akiongoza Tume.