Muulize Mwalimu wa Gemu: "Kwa nini Misri yangu haijastaarabika?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Likizo hii nimeshinda kwenye Victoria II, gemu ya kompyuta ya kuongoza nchi, nacheza Misri. Gemu inaanza mwaka 1836, na nchi yangu nimeikuta imetiwa kwenye kundi la mataifa yasiyostaarabika. Sitoki humo mpaka nijaze mizani ya mageuzi: silaha za kigeni, maofisa wa kigeni, shule na mengineyo. Nilipolalamika, mwenzangu wa bwenini akanijibu, "Acha hasira, historia ndivyo ilivyokuwa." Kweli ndivyo ilivyokuwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sivyo ilivyokuwa, na hasira yako ina haki yake.

Chukua huohuo mwaka 1836. Misri ilikuwa chini ya Muhammad Ali, aliyeishika tangu 1805. Mtambo wa kuchapa vitabu wa Bulaq ulikuwa unafanya kazi. Shule ya udaktari ya Abu Zaabal ilikuwa na miaka tisa. Vijana waliopelekwa Paris mwaka 1826 walikuwa wamekwisha kuanza kurudi, na miongoni mwao Rifa'a al-Tahtawi, aliyekwenda kama imamu wao akarudi mfasiri na mwalimu. Serikali ilikuwa na viwanda vyake vya kusokota na kufuma pamba. Mwaka 1832 jeshi la Misri lilimpiga Sultani wa Uturuki pale Konya, katikati ya Anatolia. Nchi kama hiyo wewe unakabidhiwa pamoja na karatasi inayosema haijaanza.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata, maana gemu imekiruka. Mwaka 1838 Uingereza ilitiliana mkataba na Uturuki pale Balta Liman: ukiritimba wa serikali upigwe marufuku katika himaya nzima, na bidhaa za nje ziingie kwa ushuru mdogo. Misri kisheria ilikuwa bado mali ya Sultani, kwa hiyo mkataba uliihusu. Ukiritimba ndio uliokuwa mfuko wa Muhammad Ali. Alinunua pamba kwa mkulima kwa bei aliyoipanga mwenyewe, akawauzia Wazungu kwa bei ya juu, na faida ikalipa viwanda, shule na jeshi. Mwaka 1840 manowari za Uingereza na wenzake zikapiga kwa mizinga Akka, ngome yake ya pwani ya Palestina. Mwaka 1841 akalazimishwa kulipunguza jeshi lililokuwa zaidi ya laki moja libaki watu 18,000. Jeshi ndilo lililokuwa mteja mkubwa wa viwanda vyake. Viwanda vikaanza kufa.

Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani vilikufa kwa mkataba na kiasi gani kwa ugonjwa wao wenyewe. Makaa ya mawe hayakuwepo. Mashine nyingi zilizungushwa na ng'ombe, na mwendo wa ng'ombe si wa mvuke: anakwenda kwa kusitasita, uzi unakatika. Hayo nayakubali. Lakini kwenye gemu mizani yako ya mageuzi inapanda tu. Usipofika, uvivu ni wako. Hakuna mahali panapokuonyesha mtu aliyekwisha kupanda ngazi, akashikwa mguu akashushwa.

Na nisikufiche upande wa pili, kwa kuwa nimefundisha historia sekondari miaka kumi na miwili na sitaki umpende Muhammad Ali kupita kiasi. Mfereji wa Mahmudiyya ulichimbwa kwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, na ukaua maelfu. Jeshi lake alikwenda kulitafutia watumwa Sudan, na walipokufa kwa wingi akawageukia wakulima wa Misri. Wakulima walifanyaje? Walijikata kidole cha shahada, kile cha kuvutia bunduki, au wakajipofua jicho, ili wasichukuliwe. Kina mama waliwafanyia hivyo watoto wao. Mara ya kwanza kucheza gemu hii, kwenye kompyuta ya binamu yangu huko Tanga, nilibofya "andikisha" na brigedi ikatokea, picha ndogo ya askari kasimama wima. Niliwaza kile kidole nikashindwa kuendelea usiku ule.

Toleo la nyongeza la mwaka 2012, A House Divided, lina jambo jingine ambalo mwenzako angepaswa kulitazama. Taifa lisilostaarabika likiteka ardhi ya jirani linapata pointi za utafiti. Yaani njia ya mkato ya kuhesabiwa mstaarabu ni kumpiga aliye dhaifu kuliko wewe. Hapo, kwa bahati mbaya, gemu imesema kweli kuliko ilivyokusudia. Japani ilidai usawa kwa barua na kwa adabu tangu miaka ya 1870. Ikasikilizwa vizuri zaidi baada ya kuipiga China mwaka 1895 na Urusi mwaka 1905, na haki ya kupanga ushuru wake yenyewe iliipata kamili mwaka 1911.

Sasa neno lenyewe. Kabla hatujawalaumu Waswidi walioitengeneza gemu, tuliangalie la kwetu. "Kustaarabu" limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Zamani watu wa pwani walisema uungwana. Karne ya 19 utawala na fedha vilipokuwa mikononi mwa Waomani wa Unguja, ndipo ustaarabu ukapanda na uungwana ukashuka. Mwenye nguvu alijifanya kipimo, na sisi tukakipokea mpaka ndani ya kamusi. Nilipokuwa nikiliandika neno hilo ubaoni, nilikuwa nalisimamisha hapo dakika kumi nzima kabla ya kuendelea.

Ukiweza kuipata Victoria 3, iliyotoka Oktoba 2022, utaona wamebadilisha. Mataifa sasa yanaitwa yanayotambuliwa na yasiyotambuliwa. Naisifu hatua hiyo kwa moyo wote, kwa sababu kutambuliwa ni habari ya macho ya wengine, si ya akili zako. Lakini ilipotoka, sehemu kubwa ya bara la Tanganyika ilikuwa imewekwa kama jamii zisizo na serikali kuu, ambazo mchezaji hawezi kuzichagua. Mirambo aliunganisha Unyamwezi kwa vita na biashara mpaka alipofariki mwaka 1884, katikati kabisa ya miaka ya gemu hiyo, na hukuweza kukaa kwenye kiti chake. Uliweza tu kuwa yule anayekuja kumtawala.

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Nacheza Kilwa kwenye Europa Universalis IV, gemu nyingine ya kuongoza nchi. Renaissance, ule mwamko wa elimu na sanaa wa Ulaya, inazuka Italia mwaka 1450, halafu teknolojia yangu inapanda bei kila mwaka. Nitaipataje bila kungoja miaka mia?

JIBU: Usingoje. Weka akiba ya pointi zako zote tatu, za utawala, za diplomasia na za jeshi, kisha zimwage kwenye mkoa mmoja tu, ule ambao kuuendeleza ni rahisi. Ukiukuza vya kutosha Renaissance itazuka hapohapo, nawe utailipia iingie nchi nzima. Kabla ya Oktoba 2016 hata hilo halikuwezekana: ilikubidi upakane na taifa la kundi la Magharibi ndipo uanze kujibadilisha, kana kwamba akili huambukizwa mpakani.

Kwa mkoa huo mimi huchagua Kilwa yenyewe, hata kama kuna wa bei nafuu zaidi. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji kuwa miongoni mwa mizuri. Husuni Kubwa, jumba la masultani, ilikuwa na bwawa la kuogelea la pembe nane juu ya jabali, linatazama bahari, na watawala hao walifua sarafu zao za shaba. Ukienda kisiwani leo bwawa bado unaliona. Ukimaliza hapo, jenga merikebu. Almeida, kamanda wa Kireno, aliingia Kilwa na kuipora mwaka 1505, ila Ureno ya kwenye gemu haifuati kalenda, na mara mojamoja huwahi.