Kwenye Mizani: Andiko la kurasa 42, ghala la magunia 4,000

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu alianza kazi akiwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Shinyanga, akastaafu akiwa meneja wa uendeshaji.

*Shikamoo Mama. Nina miaka tisa katika kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida. Nilikuwa msimamizi wa zamu, na tangu Januari nimepewa umeneja wa uendeshaji. Mwezi uliopita mtoto wa mwenye kiwanda alikuja kutoka Dar na andiko la biashara la kurasa 42, la kupeleka benki. Wanataka kununua mashine ya pili kama hii tuliyonayo, ambayo kitabu chake kinasema inakamua tani 10 kwa siku. Nimepewa wiki mbili, nimeambiwa "lipitie, uliboreshe". Nimelisoma mara tatu. Michoro ina rangi nzuri, ila najisikia kama nasoma habari za kiwanda cha watu wengine.*

*Andiko linasema tutakamua tani 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na mbegu itatoa mafuta asilimia 38. Bei ya gunia ni 60,000 mwaka mzima. Wafanyakazi wa mashine 12, saa 20 kwa siku, siku sita. Unaombwa mkopo wa mashine, na juu yake milioni 80 za kuendeshea. Sisi kwa kitabu changu, siku nzuri tunakamua magunia 90 ya kilo 65, gunia linatoa dumu moja la lita 20. Tunafanya kazi Juni mpaka Novemba, kama siku 150, kisha tunafunga maana alizeti imeisha. Ghala linabeba magunia 4,000. Nianzie wapi? Na nitasemaje bila kuonekana nampinga mtoto wa bosi?*

*Meneja mpya, Singida*

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa cheo.

Hicho unachokisikia, kwamba unasoma habari za kiwanda cha wengine, ndiyo kazi yenyewe imeshaanza. Kilichobaki ni kukitia tarakimu. Aliyeliandika alianzia kwenye kitabu cha muuza mashine. Wewe anzia kwenye kitabu cha zamu. Kurasa za dira na dhamira zifunge, utazisoma Jumapili. Kila shilingi iliyomo humo irudishe iwe gunia, saa, au mtu unayemjua kwa jina. Isiyorudi izungushie wino mwekundu.

Tufanye moja pamoja. Magunia 90 mara kilo 65 ni kilo 5,850. Mashine mbili za namna hiyo ni tani 11.7. Tani 20 zimetoka wapi? Ni kumi ya kwenye kitabu, mara mbili, bila umeme kukatika, bila kisu kuisha, mbegu safi kama zimeoshwa. Na siku 300? Toa Jumapili 52 na sikukuu za serikali, umebaki na hizo 300 hivi, kabla fundi hajafungua hata boliti moja.

Tani 20 kwa siku 300 ni tani 6,000, yaani magunia zaidi ya 92,000. Ninyi mwaka mzima mnakamua 13,500. Sasa nenda ukasimame mlangoni mwa ghala lenu. Mashine mbili zitakula magunia 180 kwa siku. Magunia 4,000 ni siku 22. Baada ya hapo mtakuwa mnagombea gunia barabarani na wanunuzi wengine wote. Na ikifika Desemba, mashine mliyonayo imelala. Ya pili mnainunua ije ilale pembeni yake.

Halafu zile milioni 80. Kwa bei ya andiko lenyewe zinanunua magunia 1,333. Hiyo ni siku saba na kidogo. Wiki moja! Ukitaka mashine mbili zifanye kazi hizo siku 150 nyingine, Desemba mpaka Mei, unahitaji magunia 27,000 yawe ndani kabla bei haijapanda, yaani shilingi bilioni 1.62 zimelala kwenye sakafu ya ghala ambalo hamna. Hesabu hii haimo katika kurasa zote 42, na ndiyo ya kwanza ambayo afisa mikopo aliyewahi kukaa mikoa ya alizeti atakuuliza. Bei moja ya mwaka mzima nayo usiikubali. Mvua zenu ni msimu mmoja, mavuno ni mamoja, kwa hiyo bei ya Julai na bei ya Januari ni vitu viwili. Tafuta risiti za manunuzi za miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, uziweke hapo.

Nikusimulie aibu yangu. Mwanzoni mwa umeneja nililetewa andiko kama hilo, la mashine ya pili ya kukamua mbegu za pamba. Nililipitia kama mwalimu anayesahihisha insha. Nikanyoosha sentensi, nikajumlisha upya majedwali, nikakuta kosa la shilingi elfu kadhaa na nikajisifu wiki nzima. Sikushuka chini kuangalia chujio. Lilikuwa moja, na hata kwa mashine ya kwanza lilikuwa linahema. Mashine mpya ikafika, ikafungwa, ikapigwa picha. Siku ya tatu tukawa na mapipa ya mafuta machafu mpaka kwenye veranda ya ofisi, tunaizima mashine mpya saa sita mchana kusubiri chujio. Ilifanya kazi nusu siku kwa karibu mwaka mzima, na marejesho ya benki hayakuwa ya nusu siku. Fundi wa chujio aliniambia baadaye, "Mama, mimi hamkuniuliza." Kweli, hatukumuuliza.

Kwa hiyo katika wiki zako mbili, siku nne za kwanza usikae ofisini. Fuata gunia moja tangu linapoingia getini mpaka dumu linapopakiwa. Mizani, kupepeta, kukamua, kuchuja, kujaza. Kila kituo uliza magunia mangapi yanapita kwa saa, na nini kinawasimamisha. Kituo chenye namba ndogo kuliko vyote ndicho kiwanda chenu. Vingine vyote vinakisubiri hicho. Tena usikubali kilo 65 kwa mdomo. Pima magunia 20 bila kuchagua, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ikiingia tu, hesabu yote ya mafuta kwa gunia inakudanganya.

Tukija kwenye mafuta, asilimia 38 ni ndoto ya maabara. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18 na ushei. Kwa gunia la kilo 65 ni asilimia 28. Mbegu yenyewe inaweza kuwa na mafuta zaidi ya hapo, lakini mashine ya kukamua haiyatoi yote, mengine yanabaki kwenye mashudu. Tofauti ya 28 na 38 ni lita saba kwa kila gunia. Kwa magunia yenu 13,500, andiko linauza lita zaidi ya 90,000 ambazo hazipo. Ukiona hivyo usipunguze mauzo tu ukaishia hapo. Uliza pia kama 28 inaweza kuwa 30. Je, mbegu mnanunua kwa wakulima wenye mbegu bora? Zinakaushwa? Kisu kinabadilishwa lini? Asilimia mbili zinazopatikana kwa kukaza boliti zinaweza kuwa nafuu kuliko mashine nzima.

Na umeniambia habari za mafuta tu. Mashudu yako wapi? Kila gunia linakuachia kama kilo 45, wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayatafuta, na kwa mwaka mna tani zisizopungua 600. Kama andiko halina mstari wa mashudu, umeokota pesa, ongeza. Ila ongeza na mahali pa kuyaweka, maana yakirundikwa yana joto yanaharibika.

Wafanyakazi kwa kifupi. Saa 20 kwa siku sita ni saa 120 kwa wiki. Watu 12 ni timu mbili za watu sita, na sheria yetu ya ajira inampa kila mtu saa 45 za kawaida: jumla 90. Muda wa ziada mwisho ni saa 50 kwa wiki nne, yaani 12 na nusu kwa wiki. Hata ukiwakamua wao badala ya alizeti, mnafika 115. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, usiku una nyongeza ya asilimia 5, kila mtu ana likizo ya siku 28, na NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) havisubiri msimu. Timu ya tatu iandikwe.

Kuna na jambo ambalo halimo mikononi mwenu, nalo ni ushuru wa mafuta ya nje. Mwaka 2018 ulipandishwa hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Kila Juni bajeti ikisomwa unaweza kupanda au kushuka, na mawese ya Malaysia na Indonesia yakishuka bei, dumu lako la alizeti linakaa dukani. Andika hali mbili, ushuru ukibaki na ushuru ukishuka, kisha uone kama rejesho la benki linalipika katika hali ya pili. Na hilo rejesho, kama ni la kila mwezi, litawakuta Februari mmefunga geti. Ombeni lifuate msimu, lianze baada ya mauzo ya kwanza.

Sasa mtoto wa bosi. Usimpelekee neno "haiwezekani". Akilisikia mbele ya baba yake itabidi alitetee andiko mpaka mwisho. Mpelekee sentensi inayoanza na "ili". *Ili tukamue tani 20, tunahitaji ghala la magunia kadhaa, shilingi kadhaa kabla ya Agosti, na timu ya tatu.* Jaza tarakimu, kaa kimya. Tena mwombe mshinde naye siku moja kiwandani kabla hujaandika chochote, na mtembee ghalani pamoja. Akihesabu mwenyewe siku 22, hilo litakuwa wazo lake, na wewe usilidai.

Na umwekee andiko la pili mkononi, maana umeambiwa uboreshe. Mashine moja hiyohiyo, ifanye kazi siku 75 zaidi baada ya Novemba. Ni magunia 6,750, milioni 405 kwa bei yao. Ghala la nyongeza, turubai za kuanikia, kipima unyevu, kwa sababu mbegu ikiingia na unyevu uliozidi asilimia 10 inachemka yenyewe na mafuta yanachacha. Fedha za mbegu ziombwe kama mkopo wa msimu unaodhaminiwa na mzigo wenyewe ulioko ghalani, zisichanganywe na mkopo wa majengo. Wakiona matokeo ya msimu mmoja, mashine ya pili watainunua wakijua itakula nini. Chujio uliangalie kabla ya yote.

*Mama, salamu kutoka Changamwe, Mombasa. Mimi nasimamia shughuli katika kiwanda kidogo cha mikate. Kila Desemba tunaandika mpango wa mwaka, tunauweka kwenye faili, na hatuufungui tena mpaka Desemba nyingine. Mwaka huu tuliukopi tu ule wa mwaka jana tukaongeza asilimia kumi. Je, mpango unafaa kupitiwa mara ngapi?*

*Dada wa mikate*

Dada yangu, kila mwezi, nusu saa, tena kwa tarehe. Kwenu Kenya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta ya gari kila tarehe 14. Basi tarehe 15 asubuhi keti na dereva mkuu, mwokaji mkuu na karani. Mna namba nne tu: unga uliotumika kwa kila mkate, mikate iliyorudi bila kuuzwa, saa ambazo tanuri lilikuwa moto bila mkate ndani, na gharama ya kuufikisha mkate dukani. Ikiwa namba imeachana na mpango, andika sababu pembeni kwa mkono. Desemba utakuwa na kurasa 12 za ukweli.

Kukopi ule wa mwaka jana, mjini Mombasa hasa, kutakuponza. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 ilianza tarehe 18 au 19 Februari. Mpango uliokopiwa unakupangia watu wa futari mwezi ambao watu wanakula chai asubuhi kama kawaida, na mwezi wa futari yenyewe unakukuta na zamu za asubuhi. Hamisha wiki hizo kwa kalenda ya Hijria, pamoja na saa za kutoka kwa magari.

Na usisahau Mei 2024, ule mswada wa fedha uliotaka kuuwekea mkate VAT ya asilimia 16. Uliondolewa Juni baada ya watu kuja juu, lakini kwa wiki kadhaa kila mwenye tanuri alikuwa anapiga hesabu gizani. Weka ukurasa mmoja mapema: bei ikibidi kupanda shilingi kumi, maduka gani yatapunguza oda, na ni zamu ipi utakayoifunga kwanza. Ukurasa huo ubandike jikoni, juu ya ndoo za hamira, wale wa zamu ya usiku nao wauone.