Wasomaji Wanauliza: Vichaka Vinapomeza Malisho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa Longido, mkoani Arusha. Baba yangu aliweza kusimama mlangoni mwa boma akahesabu ng'ombe wake hadi bondeni. Leo bonde lile lile limejaa oiti, yaani kikwata, na mbuzi akiingia humo humwoni tena. Wapo wanaosema ni neema kwa kuwa nchi imekuwa ya kijani, lakini mimi naona ng'ombe wanakonda. Kosa ni la nani, nami nifanye nini?

JIBU: Ndugu yetu, unachokiona ni kweli. Kijani cha vichaka si malisho ya ng'ombe, na nyika ya nyasi si msitu ulioshindwa kuota. Ni nchi iliyokamilika kwa namna yake, na inastahili kulindwa kama msitu unavyolindwa.

Katika nyika zetu nyasi na miti hugombea ardhi moja. Kilichozipa nyasi nafasi ni moto wa kiangazi, wanyama wanaokula majani ya miti, na wafugaji waliohama kufuata mvua. Mche wa kikwata ulioota katikati ya nyasi ndefu zilizokauka huungua hadi usawa wa ardhi, huchipua tena kutoka mizizini, kisha huungua tena, na huweza kubaki mdogo kwa miaka mingi mpaka upate nafasi ya kurefuka kupita kimo cha ndimi za moto. Mifugo inapokaa mahali pamoja mwaka mzima, nyasi huliwa hadi shinani, moto hukosa cha kuunguza, na miche yote hupata nafasi hiyo kwa pamoja. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaomtupia mfugaji lawama zote, kwani mtu ambaye njia zake za kuhamia zimekatwa na mashamba, nyua na mipaka hakuchagua kukaa mahali pamoja.

Jirani yenu Serengeti anaonyesha jambo hili vizuri. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, iliyoingia miaka ya 1890 iliua ng'ombe na wanyamapori wengi mno, na hata baadaye iliendelea kuwabana nyumbu. Chanjo ya ng'ombe ilipoidhibiti, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zingewaka, mioto ikapungua, na miti ikarudi, ingawa nyumbu hawakupanda hata mti mmoja. Kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, serikali ilipiga marufuku uchomaji wa malisho katika miaka ya 1970, na vichaka vikayafunika malisho waliyokuwa wakiyatunza kwa moto vizazi kwa vizazi.

Ipo pia sababu isiyotoka Longido kabisa. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na kaboni dioksidi kiasi cha sehemu 280 katika milioni. Sasa imepita 420. Nyasi za nyika zetu zina namna yao ya kuikusanya hewa hiyo majanini, hivyo nyongeza haizifaidii sana, lakini miti kama kikwata hunufaika, huweka akiba zaidi mizizini, na huchipua kwa kasi zaidi baada ya kuungua au kuliwa.

Kuhusu la kufanya, anza na miche iliyo chini ya goti, na uing'oe mvua inapolainisha udongo, kwa maana kazi hiyo ni nyepesi mara nyingi kuliko kukata mti mzima. Usiimalize miti mikubwa yote. Maua ya kikwata huwapa nyuki asali nzuri sana, hata jina lake la kisayansi, mellifera, lina maana ya kuzaa asali, na mbuzi na ngamia hula majani yake. Punguza palipofungamana, tandaza matawi yenye miiba juu ya udongo ulio wazi ili nyasi changa zipone midomo ya mifugo hadi zitoe mbegu, kisha peleka mbuzi wale machipukizi ya visiki. Moto uje baadaye, kwa idhini ya serikali ya kijiji na baada ya kukata njia za kuuzuia, kwa kuwa bila nyasi za kutosha hautaunguza chochote cha maana. Kwanza ipumzisheni sehemu moja, kama mnavyojua kutenga alalili, yaani malisho ya akiba.

SWALI: Huku Marigat, Baringo, tunasumbuliwa na mathenge, mti wa miiba. Je, tuikate yote kwa makaa?

JIBU: Mathenge ni shauri jingine, kwa sababu ni mgeni kutoka bara la Amerika, aliyepandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuni zipatikane na udongo ushikwe. Vipimo vya picha za setilaiti vinaonyesha kuwa mwaka 1988 ulifunika hekta 882 huko kwenu, na mwaka 2016 hekta 18,792. Uchungu wa wakazi unaeleweka: mwaka 2006 walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake yenye sukari, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu.

Mbegu zake hupita tumboni mwa mifugo zikiwa hai na huanguka na samadi, tayari kuota, hivyo kundi linalohama hupanda mathenge njia nzima. Kusaga maganda kuwa chakula cha mifugo huziponda mbegu hizo, na ninaiona kazi hiyo kuwa na faida kuliko makaa. Mti uliokatwa juu ya ardhi hutoa machipukizi mengi yenye miiba. Ni lazima kuchimba na kukata chini ya shingo ya mzizi, kisha kupanda nyasi papo hapo. Mchoma makaa anayekiacha kisiki kichipue, ili avune tena, hajaurudishia ukoo wake malisho.

SWALI: Ninaishi Tromsø, Norwei. Huku vichaka vinapanda hadi kwenye tundra, nchi ya baridi isiyo na miti, na ng'ombe hakuna. Sababu ni nini?

JIBU: Huko sababu kuu ni joto. Picha zilizopigwa kutoka angani huko Alaska miaka ya 1940, zilipolinganishwa na za miaka hamsini baadaye, zilionyesha vichaka vimeongezeka na kurefuka. Vikishaota hujisaidia vyenyewe: matawi hunasa theluji, nayo huukinga udongo na baridi kali, vijidudu huendelea kuozesha masalia wakati wa baridi, na mimea hupata mbolea ya kuotea. Majira ya kuchipua, matawi meusi yanayotokeza juu ya theluji hufyonza jua ambalo theluji tupu ingelirudisha angani. Hata hivyo midomo ina kazi huko pia, kwa kuwa mahali ambapo paa wa baridi (reindeer) wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini huko, hula majani ya mierebi kiangazi chote, vichaka hubaki vifupi.