Shangazi, nimpeleke mtoto kwa mshauri au nitamaliza nauli bure?

"Shikamoo Shangazi. Kijana wangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu hapa Tabata. Anapiga wenzake, anadokoa chenji, ukimkemea anajibwaga chini. Baba yake kamchapa mpaka kachoka, sasa anataka tumtafutie shule ya bweni ya watoto watukutu wakamnyooshe. Jirani anasema ana jini. Mwalimu anasema mshauri nasaha. Alikuwa kwa bibi yake Lushoto, tulimchukua mwaka jana. Huo ushauri unasaidia kweli?"

Marahaba, mwanangu. Unasaidia, ila si kwa namna unayoifikiria. Wengi wetu tunampeleka mtoto kwa mshauri kama redio kwa fundi: unaiacha, unarudi Jumamosi uichukue imepona. Mtoto wa miaka tisa akiongea na mshauri saa moja kwa wiki, kisha akarudi kwenye nyumba ileile na makelele yaleyale, usitarajie makubwa. Kwa umri wake, kinachosaidia zaidi ni wazazi wenyewe kufundishwa. Kwa hiyo nauli ni ya watu watatu.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, alifuatilia familia majumbani mwao, akaona jambo moja likijirudia. Mzazi anaamuru, mtoto anapiga kelele, mzazi anachoka anaachia. Mtoto kashajua kelele zinalipa. Kesho mzazi anaongeza ukali, na mtoto naye anaongeza. Nadhani hiyo sinema unaiona sebuleni kwako kila jioni.

Mtafundishwa mambo yanayoonekana madogo mno: kutoa agizo moja fupi badala ya matano, kumsifu palepale anapofanya jema, adhabu ndogo isiyolegezwa, baba na mama kuwa na kauli moja. Wiki za mwanzo anaweza kuzidisha vituko, anawapima kama mmemaanisha. Hapo ndipo wengi huacha, halafu wanatangaza mtaani kwamba ushauri ni uongo.

Baba yake mwambie hivi, kwa upole: fimbo ingekuwa dawa, usingeniandikia. Na hilo la bweni la watukutu silitaki kabisa. Mwaka 1999 mtafiti Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba vijana wakorofi wakikusanywa pamoja ili wasaidiwe, wakati mwingine hutoka wamezidi, maana wanashangiliana. La jini namwachia jirani. Wewe anza kumpima masikio na macho, kwani mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi.

Pa kuanzia ni Hospitali ya Amana, ulizia afisa ustawi wa jamii. Akiona ipo haja, mtapewa rufaa Muhimbili. Ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikati salio. Kabla ya yote, kaa naye faragha umuulize kama kuna mtu anampiga au anamshika vibaya, shuleni au njiani. Uliza bila kufoka. Na akianza kujiumiza au kusema anataka kufa, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nikurudishe kwenye barua yako. Umeandika mengi kuhusu chenji na ngumi, lakini Lushoto umeipa sentensi moja. Huyu mtoto kalelewa na bibi, kamzoea yeye kama mama, halafu siku moja kapandishwa basi kaletwa mjini kwa watu anaowajua kwa sauti ya simu. Kwake yeye ni msiba, na hakuna aliyempa pole. Sisemi ndiyo sababu ya yote. Ila mshauri atakuuliza alilia kiasi gani siku ile, na tangu hapo ameongea na bibi mara ngapi.

Leo jioni mpigie bibi. Mpe mtoto simu, halafu wewe toka nje ukaanue nguo. Usiwasikilize.